Ayalandi Imeingia Nyumbani Kwetu

Jumatatu, 2 Februari

Pasi ya makaa. Shati lake jeupe, kola kwanza, kisha mikono. Umeme umekatika tena. Kambale, mume wangu, yuko uani ananyoa ndevu, kioo amekitundika kwenye mpapai, na anahutubia. Kila asubuhi anahutubia. Wiki iliyopita ilikuwa Misri ya kale. Leo ni Ayalandi.

Sikujua lolote juu ya Ayalandi. Nina diploma yangu ya sekondari, nimeiweka ndani ya plastiki isipate unyevu, na sikujua. Kumbe ni kisiwa kando ya Uingereza. Mvua nyingi kama kwetu, lakini ya baridi. Zamani walikuwa na bunge lao, likafungwa, na wabunge wao wakawa wanavuka bahari kwenda kukaa London. Wengi wakasema: turudishieni bunge letu, mambo ya nyumbani tuyaamue nyumbani. Hao ndio watu wa kujitawala. Wengine, hasa wa kaskazini, wakasema hapana, sisi tunabaki na Uingereza. Hao ndio watu wa muungano. Wakavutana hivyo kizazi baada ya kizazi, kabla ya uhuru.

Ananieleza haya povu likiwa shavuni, wembe hewani, macho yanawaka. Nilimtazama nikasahau pasi. Kola ikaungua kidogo. Hakukasirika. Alisema tai itaficha. Mungu wangu, mwanaume huyu!

Wanafunzi wake wa historia, darasa la sita la sekondari, watafanya mjadala mbele ya wazazi. Upande mmoja kujitawala, upande wa pili muungano. Jumamosi, tarehe 14. Tarehe 14! Siku ya wapendanao, ya kwanza tangu tuoane, na yeye ameipa Ayalandi. Nilipomkumbusha alishika kichwa. Hakuwa amefikiria kabisa. Aliniomba msamaha mpaka kwenye barabara, majirani wanasikia. Nimemsamehe kabla hajafika kwenye kona.

Jambo moja tu linaniuma. Papa, baba yangu, hajakanyaga nyumba hii. Tangu harusi, hata mara moja. Papa ni shemasi katika kanisa la Kiprotestanti kule kwetu kwenye maporomoko ya mto, na mimi nimefunga ndoa mbele ya padri. Kambale ni Mkatoliki, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Siku ya harusi Papa alikaa benchi la mwisho, hakula, hakunywa hata soda. Mama amekuja mara nyingi. Papa, hapana. Nina viti vinne sebuleni. Kimoja nilikinunua kwa ajili yake, kipana, chenye mto. Mpaka sasa kinakaliwa na paka wa jirani.

Jumatano, 4 Februari

Leo nimeshona. Vitambaa vya shingoni kwa ajili ya mjadala. Kijani kwa watu wa kujitawala, chungwa kwa watu wa muungano. Kambale anasema rangi ndizo zenyewe. Chungwa haikupatikana sokoni, nikachana pazia la jikoni.

Jioni, tukila, amenisimulia juu ya wapangaji maskini kule Ayalandi. Mashamba hayakuwa yao. Kodi ikipanda, wanafukuzwa. Basi wakaungana. Wakala wa mwenye ardhi akiwaonea, hawampigi. Wanamnyamazia tu. Hakuna wa kumvunia. Hakuna wa kumuuzia mkate. Barabarani watu wanatazama pembeni. Kijiji kizima, kimya. Na viongozi wanaume walipotiwa gerezani, wanawake wakaichukua kazi, wakazunguka vijijini, wakawajengea vibanda waliofukuzwa. Wanawake wa enzi zile, na magauni yale mazito, kwenye matope!

Nililia kidogo kwa kuwapenda. Kambale akacheka, akanifuta kwa kidole chenye mboga ya pondu.

Halafu nikafikiri: kunyamaziwa. Ndivyo anavyonifanyia Papa. Mimi ndiye wakala. Sikumwambia Kambale hivyo.

Alhamisi, 5 Februari

Balaa shuleni. Balaa la kuchekesha, nilidhani mwanzoni.

Kambale alikuwa bado hajagawa pande. Mvulana mmoja, Yosua, yule mrefu anayeimba sauti ya chini kwenye kwaya ya Waprotestanti, akauliza: mwalimu, hao watu wa kujitawala walikuwa wa dini gani? Kambale hajui kudanganya. Akasema wengi wao Wakatoliki. Na wale wa muungano? Wengi wao Waprotestanti. Alikuwa anataka kuendelea, kwamba haikuwa wote, kwamba kiongozi mmoja mkubwa kabisa wa kujitawala alikuwa Mprotestanti, tena mwenye ardhi. Hakuna aliyemsikia. Madawati yalikuwa yanakokotwa. Wakatoliki dirishani, Waprotestanti mlangoni. Darasa limejigawa lenyewe kabla hajaweka chaki chini.

Amebaki Ramazani peke yake katikati. "Mwalimu, mimi niko Muislamu," alisema. "Ayalandi haikunifikiriaka."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kisha Kambale akaacha kucheka. Alisema: walikuwa wanakaa pamoja tangu Oktoba.

Jumamosi, 7 Februari

Mji huu una masikio. Nimeenda sokoni kutafuta ndizi za kuponda lituma, na muuza samaki, mama mnene anayesali na Papa, akanishika mkono mbele ya watu.

"Weye bibi ya mwalimu! Uko upande ya nani sasa?"

"Upande ya mume wangu," nikasema.

"Mume yako iko padri!" Wakacheka meza nzima. "Shemasi amezaa mutoto, mutoto ameenda na rozari!"

Nilicheka nao. Nikafika nyumbani nikatupa kapu chini.

Mama Vero, mwenyekiti wa wazazi, mwimbaji wa parokia, anashonesha sare ya kijani kwa kwaya nzima. Waprotestanti nao wamesikia. Watakuja na ngoma. Kwa mambo ya kisiwa ambacho hakuna mmoja wao angeweza kukionyesha kwenye ramani wiki iliyopita! Kambale alitaka wanafunzi wajifunze kufikiri. Sasa mji mzima unafikiria namna ya kushangilia.

Hata hivyo ninajivunia. Nani mwingine, katika Kisangani yote, angefanya mama wa sokoni wazungumze habari za bunge la Ayalandi? Ni yeye. Ni wangu.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya misa nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, nikashuka maporomokoni. Maji yamepungua, mawe yako nje, wanaume wanafunga upya miti ya mitego ya samaki. Papa alikuwa juu ya mti wa mbele kabisa, miguu imekamata gome, anakaza kamba za msituni kwa meno na mkono. Povu la mto chini yake. Nilimwangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia nikiwa mtoto. Nampenda Papa. Ni lazima niandike hivyo kabla sijaandika yanayofuata.

Aliposhuka alinisalimu bila kuniangalia. Akaketi, akaanza mwenyewe.

"Nasikia mwalimu yako anafundisha watoto kutukana Waprotestanti."

Nikamweleza. Pole pole, yote, kama Kambale alivyonieleza mimi. Akasikiliza. Papa anajua kusikiliza, ndiyo kazi yake Jumapili. Nilipomaliza akasema: bon, haya, mimi niko na watu wa muungano.

Nilidhani ananitania. Papa! Papa ambaye kila akishika redio anaigombeza Kinshasa! Anayesema maporomoko yatawaliwe na watu wa maporomoko, kwamba hakuna ofisa wa mbali atakayemfundisha mahali pa kuchomeka mti! Mtu wa kujitawala kama yule hata Ayalandi hawakuwa naye.

"Papa, si weye unasemaka kila siku Kinshasa ituachie maji yetu?"

"Ile iko ingine."

"Ingine namna gani?"

"Wale ni Waprotestanti wenzangu. Wako kidogo. Niwaache peke yao?"

Mama alikuwa anapaa samaki. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Muache," akaniambia. "Baba yako amepata mfalme wa Uingereza."

Papa hakucheka. Alisema atakuja Jumamosi. Kanisa limemchagua akae mbele. Nikamwambia: basi ukitoka shuleni, upite nyumbani ule, ni karibu tu. Akasimama, akachukua kamba yake, akarudi kwenye miti.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Afadhali angesema hapana.

Jumatatu, 9 Februari

Kambale ananiuliza kwa nini sili. Nimemwambia kila kitu. Hakumtetea Papa wala hakumlaumu. Alinishika miguu, akaniosha vumbi kwenye beseni. Mwalimu wa historia, ananiosha miguu.

Kisha akaniambia juu ya watu wa muungano, yale ambayo sikuwa nimeyasikia vizuri kwa sababu moyo wangu ulishaenda upande wa kijani. Walikuwa wengi kule kaskazini, lakini katika kisiwa kizima walikuwa wachache. Waliogopa. Siku moja walipanga mistari, maelfu kwa maelfu, wakatia sahihi ahadi yao kwamba hawatakubali. Wanawake nao walikuwa na tamko lao, wakasaini lao. Husemwa hata kwamba mtu mmoja alisaini kwa damu yake. Kambale anasema si lazima ukubaliane nao ili uwavulie kofia. Mtu anayeshikilia kitu kwa nguvu hivyo, muulize kwanza anaogopa kupoteza nini.

Nimelala, nimeamka, bado nalifikiria hilo.

Jumanne, 10 Februari

Mkuu wa shule, tunamwita prefe, amemwita Kambale ofisini. Anataka kufuta mjadala. Amesikia ngoma, sare, mambo ya kanisa hili na lile. Neno kujitawala lenyewe halipendi siku hizi. Kambale alisimama wima, akasema: waheshimiwa wa kule London nao walilikataa neno hilo mara ya kwanza, na mara ya pili, na halikufa.

Simba wangu. Ningekuwa mle ofisini ningepiga makofi.

Prefe amekubali kwa sharti. Yeye mwenyewe ataongoza kikao, na kila kanisa litaweka mzee mmoja mbele kuwatuliza watu wake. Wakatoliki, Mama Vero. Waprotestanti, Papa, waliyekwisha kumchagua.

Kwa hiyo ugomvi ukitokea, Papa atakuwa katikati yake. Na utakuwa ugomvi wa mume wangu. Najua Papa alivyo. Hapo hatakanyaga hapa hata kwenye mazishi yangu. Ninaogopa. Ninaandika neno hilo waziwazi: ninaogopa.

Alhamisi, 12 Februari

Kambale amerudi saa sita mchana, anatetemeka. Malaria. Nimemfunika mablanketi yote mawili na kanga zangu. Meno yanagongana na bado ananiambia Waprotestanti hawajui vizuri habari ya kodi za mashamba.

Nikamuuliza: watajuaje, kama wao ni wa muungano? Akashangaa. Akasema, lakini wote wanazo habari zote! Vitabu hakuna. Anaandika ubaoni, darasa zima linanakili. Kila mtoto ana maneno ya pande zote mbili kwenye daftari lake, neno kwa neno. Wamejigawa, lakini madaftari yao hayajagawanyika.

Nimempa dawa, nimemwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Hata akiwa mgonjwa ni mzuri. Siyo haki.

Ijumaa, 13 Februari

Homa haishuki. Hawezi kusimama. Kesho hataenda. Alilia kwa hasira, uso ukutani.

Nitaenda mimi. Prefe ameruhusu nigawe vitambaa na kukaa kando. Nilimkumbusha Kambale wale wanawake wa Ayalandi waliochukua kazi waume wakiwa gerezani. Akageuka, akaniangalia kwa muda mrefu na yale macho ya homa.

"Fanya vile utaona, chérie," alisema. "Weye umeelewa kunishinda."

Si kweli. Lakini nimeyala maneno yale kama keki.

Jumamosi, 14 Februari

Niandike tu.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kulia kijani tupu, kwaya ya Mama Vero. Kushoto Waprotestanti na ngoma mbili. Katikati njia tupu, pana, kama mto. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nayo. Papa mstari wa mbele kushoto, koti lake jeusi la ushemasi, mikono magotini. Niliinama kumsalimu. Akaitikia kwa kichwa.

Kelele. Wa kulia wakaimba wimbo wa Bikira. Wa kushoto wakaanza ngoma kuwafunika. Kijana mmoja dirishani akapaza sauti, "Waingereza warudi kwao!" Mwingine, "Rudi weye kwa Papa ya Roma!" Kicheko, lakini kicheko chenye meno. Prefe akagonga meza, hakuna aliyesikia. Nikamwona akitafuta macho ya mlinzi mlangoni. Alikuwa anataka kufunga kikao.

Nikasimama na kapu langu la vitambaa. Sikupanga. Ninaapa sikupanga mpaka nilipofika mbele ya Yosua na mkono wangu ukatoa kijani.

Akarudi nyuma. "Mama, umekosea. Sisi tuko chungwa."

"Sijakosea. Kijani ni yako leo. Uko na daftari?"

"Niko nayo, lakini..."

"Basi."

Nikawavisha Waprotestanti wote kijani. Nikavuka njia ile tupu, viatu vyangu vinasikika, nikawavisha Wakatoliki chungwa. Mama Vero akasimama, sare yake nzima ya kijani ikasimama naye.

"Aah, non! Weye bibi ya mwalimu! Sisi kwaya tumeshona nguo juu ya nini sasa?"

"Mutashangilia wale wa kule, Mama," nikasema. "Nguo iko sawa. Ni watu tu ndio wamebadilika."

Halafu Ramazani, aliyepewa kazi ya kushika saa kwa sababu hakuwa na upande, akaanza kucheka peke yake. Kicheko chake kikapita mstari kwa mstari. Prefe akaniangalia, akaangalia mlango, akaketi. "Bon," alisema. "Alors, tuanze."

Yosua alianza vibaya. Alisoma. Kisha akafika kwenye wapangaji waliofukuzwa, akaacha daftari. Sijui nini kilimshika. Alisema: hatuichukii nyumba ya mkubwa. Tulikula humo. Tunachotaka ni mlango wetu na sufuria yetu. Mkija tutawapikia. Lakini msituambie kila siku kwamba hatujakomaa kushika moto, wakati tunaungua kwa moto wa wengine.

"Amina!" akasema mtu mstari wa mbele. Kwa sauti kubwa, sauti ya Jumapili.

Alikuwa Papa.

Ukumbi ulilipuka. Mama Vero alimnyooshea kidole akiwa amejishika mbavu. "Shemasi! Umeshaingia kijani!" Papa alifunika mdomo kama mtoto aliyelamba sukari. Nilifikiri ataondoka. Hakuondoka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Papa alikuwa anacheka.

Kisha Esperansi, msichana mdogo wa Kikatoliki mwenye miwani, na kitambaa chake cha chungwa, pazia langu la jikoni. Sauti ndogo. Ilibidi watu wainame.

Alisema: hatusemi kwamba ninyi ni wabaya. Tunasema sisi ni wachache. Leo mnatuambia tusiogope. Lakini anayewaambia wengine wasiogope ni yule mwenye watu wengi nyuma yake. Watoto wetu watasoma kwenu, watasali kwenu, wataolewa kwenu. Kesho tukibisha hodi, nani atatufungulia, na atatukumbuka kwa jina gani?

Mama Vero alikuwa anajifuta macho na ile sare.

Mimi nilimwangalia Papa. Aliinamisha kichwa. Hakukiinua mpaka yule binti alipoketi.

Na hapo nikaelewa, pale pale nimesimama na kapu tupu. Yosua alisema maneno yangu. Esperansi alisema ya Papa. Mimi nilitaka mlango wangu. Yeye aliogopa kubisha. Miezi yote hii nilidhani ananiadhibu.

Prefe hakutangaza mshindi. Alisema Ayalandi wenyewe walichukua muda mrefu, hatuwezi kumaliza sisi kabla ya chakula. Watu walitoka wamechanganyika, hakuna aliyejali njia ile ya katikati.

Papa alinisubiri mlangoni.

"Ule binti wa miwani. Nani alimufundisha ile maneno?"

"Mume wangu, Papa."

"Maneno ya upande yetu?"

"Ya pande zote."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia Kambale ni mgonjwa. Nikamwambia chakula kiko tayari. Akatazama barabara ya kwetu, akatazama barabara ya maporomoko. Akaenda maporomokoni.

Kambale alinifanya nimweleze mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ananishika uso kwa mikono yote miwili, mikono ya moto. Alisema hajawahi kupewa zawadi kama ile siku ya wapendanao. Nimemwoa mwanaume bora kuliko wote wa Kongo hii. Najua mwanamke haoi, anaolewa. Mimi nimeoa.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda misa. Homa imeshuka kidogo. Supu ya samaki, amekunywa nusu.

Nilipika chakula cha kutosha mtu wa tatu. Hakuna aliyekuja. Nimekasirika na mimi mwenyewe kwa kutazama barabara.

Jumatatu, 16 Februari

Yosua na Esperansi wamekuja kumwona mwalimu, pamoja, na machungwa. Wanabishana bado. Nimewasikia mpaka wanapinda kona.

Papa hakuja.

Jumanne, 17 Februari

Amekuja.

Alasiri, jua kali. Nilikuwa nafua. "Hodi" mlangoni, siyo kwa nguvu. Mara ya kwanza sikuitikia, nilidhani ni jirani. Hodi ya pili ndiyo niliyoijua. Nikakimbia na povu mpaka viwikoni.

Amevaa shati tu, siyo lile koti. Alisimama nje ya kizingiti kama mgeni asiyejua kama nyumba ndiyo yenyewe.

"Nimesikia mukwe iko mugonjwa," alisema.

Mukwe. Hajawahi kumwita hivyo. Ilikuwa siku zote "mwalimu yako".

Nilimfukuza paka. Papa akaketi. Kambale akatoka chumbani amejifunga shuka, amekonda, akataka kupiga magoti kumsalimu, Papa akamzuia kwa mkono, kaa, kaa. Wakakaa. Wanaume wawili ninaowapenda. Nilileta maji. Papa akanywa yote. Nilileta lituma na samaki. Papa akaomba, kwa maombi mafupi, siyo yale ya kanisani. Kambale akafanya ishara ya msalaba. Papa akaiona, akaendelea kula.

Alikula vizuri. Aliongeza.

Halafu akamuuliza Kambale ilikuwaje mwisho. Kule Ayalandi.

Kambale akaeleza kwa upole, amechoka bado. Bunge lile waliloliomba lilicheleweshwa mno. Damu ikamwagika. Sehemu kubwa ya kisiwa ikapata uhuru wake. Wa kaskazini wakabaki na Uingereza. Mpaka ukachorwa katikati, kwenye mashamba, kwenye vijiji.

Papa alisukuma mwiba wa samaki pembeni ya sahani. Alikuwa anatazama meza.

"Na sasa? Wanatembeleanaka?"

"Ndiyo, Papa. Siku hizi wanavuka tu. Hakuna anayewasimamisha."

"Bon," alisema Papa. "Iko muzuri."

Kambale amerudi kitandani. Mimi nimeosha vyombo, polepole, bila kugonganisha sahani. Nilipotoka jikoni, Papa alikuwa amelala kwenye kiti. Mdomo wazi kidogo, mikono tumboni, viatu ameviacha mlangoni vimepangwa. Chumbani Kambale naye anakoroma. Hawakoromi pamoja. Mmoja akinyamaza, mwingine anaanza.

Mama atauliza kwa nini amechelewa. Jua linashuka, na ni mwendo kufika maporomokoni.

Simwamshi.